Usikichome Kile Kiota

Wandugu wa Mavivi, na ninyi mnaonisoma mkiwa Mbau, Oicha, Beni mjini au kule juu Butembo, nina ombi. Siku utakapoingia shambani kuvuna kakao, panga mkononi na mfuko begani, ukakuta juu ya tawi kile kifurushi cha majani mabichi yaliyoshonwa pamoja, kikubwa kama kichwa cha mtoto, chungu wekundu wakizunguka juu yake, usikichome. Usikipulizie dawa. Kipite, uvune tunda lako upande wa pili.

Ninaomba hivyo kwa sababu chungu wale huenda wanalea mtoto asiye wao. Humo ndani, kati ya mabuu yao, huenda yumo kiwavi wa kipepeo ambaye hana makao mengine duniani.

Mimi nimewahi kuvichoma. Nilipokuwa mtoto, kazi hiyo ilikuwa yetu wavulana. Tulikuwa tukifunga majani makavu ya mgomba kwenye ncha ya ufito mrefu, tunawasha, tunashikilia moto chini ya kiota mpaka kinaanza kupasuka-pasuka kama bisi. Wakubwa walitusifu, maana kesho yake mama zetu wangeokota maembe bila kuumwa. Hakuna aliyetuambia kuna nini ndani, na sisi hatukuuliza. Nimejifunza nikiwa mtu mzima, kwa kusoma na kwa kukaa kimya chini ya mti nikitazama. Kwa hiyo siandiki kumlaumu mtu. Ninaandika kwa sababu ningefurahi kama mtu angeniambia haya nilipokuwa na miaka kumi.

Chungu ninaowazungumzia kila mkulima wa hapa anawajua kwa ngozi yake. Zanzibar na pwani ya Tanzania wanaitwa maji moto, na nitatumia jina hilo, kwa kuwa linasema kweli: wakikushambulia shingoni unasikia kama umemwagiwa maji kutoka jikoni. Wataalamu wanawaita Oecophylla longinoda. Hawakai ardhini kama siafu, wala hawajengi kichuguu. Wanakaa juu, kwenye kakao, mwembe, mchungwa na miti ya msituni, na nyumba yao wanaishona.

Nenda ukaangalie wanavyoshona. Chungu mmoja hana nguvu ya kukunja jani la kakao, basi wanashikana viunoni, mmoja kamshika mwenzake, naye kamshika mwingine, mpaka unakuwa mnyororo wa chungu kutoka jani hili hadi lile. Wanavuta wote pamoja, kingo za majani zinakutana. Hapo wengine wanaleta watoto. Kila mmoja amelibeba buu kwa taya zake, taratibu, kama fundi cherehani aliyebana sindano midomoni, na analipitisha huku na huku kati ya majani mawili. Buu linatoa uzi wa hariri, na uzi ule ndio gundi ya nyumba. Mabuu ya chungu wengi hutumia hariri yao kujifunika wenyewe wakati wa kugeuka. Ya maji moto hayajifuniki. Hariri yao yote imekwenda kwenye kuta za nyumba ya wote.

Jamii moja inaweza kuwa na viota vingi kwenye miti zaidi ya kumi, na wenyeji wake wakafika mamia ya maelfu. Lakini malkia ni mmoja. Hujui yuko kiota kipi. Ukikichoma kile alichomo, umemaliza jamii nzima, kwa kuwa wafanyakazi hawawezi kumzaa malkia mwingine. Watabaki wakizunguka miezi kadhaa, wakipungua, mpaka siku moja unaona miti iko kimya.

Na ndani ya nyumba hiyo, kiwavi.

Kipepeo mwenyewe anaitwa Euliphyra mirifica. Mmarekani W. J. Holland ndiye aliyempa jina hilo mwaka 1890, na neno la pili ni la Kilatini, maana yake ni mwenye kutenda maajabu. Makao ya vipepeo hawa ni misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati: wako Kongo yetu hii, na wako magharibi mwa Uganda, ng'ambo ya Semuliki. Si wale wakubwa wa rangi kali wanaokusanyika kwenye matope ya mto. Ukiwatazama haraka utadhani ni nondo. Unaweza kuishi miaka sabini Mavivi usiwatambue hata mara moja, nao wakawa wanazaliwa na kufa juu ya kichwa chako.

Viwavi wengi tunaowajua hula majani. Huyu hali jani. Anaishi kwa kulishwa na maji moto, mdomo kwa mdomo, kama chungu wanavyolishana wao kwa wao. Anamkaribia chungu aliyeshiba, anamgusa, na chungu anatoa tone la chakula kutoka tumboni. Wakati mwingine chungu wawili wanapopeana chakula, kiwavi anapenyeza kichwa katikati na kuchukua fungu lake. Na hawa ndio chungu wasiomvumilia mgeni! Panzi akitua kwenye tawi lao wanamshika miguu yote sita na kumvuta mpaka achanike. Kiwavi huyu laini, asiye na mwiba wala sumu, anakaa katikati yao na kupewa chakula.

Siri ni harufu na mguso. Chungu haoni dunia kama sisi. Anamjua ndugu kwa kunusa na kupapasa. Viwavi wa ukoo huu wa vipepeo wamejaliwa ngozi nene na vitundu vidogo vinavyotoa vitu vya kuwatuliza chungu. Wengi wao wana tezi mgongoni inayotoa tone la sukari chungu wanapoipapasa, na wengine hutoa mtetemo mdogo unaosafiri kwenye jani kama sauti. Ni lugha iliyojifunzwa kwa muda mrefu kuliko umri wa lugha yoyote ya binadamu.

Sasa sikilizeni jambo lililonigusa kuliko yote. Jani lililoshonwa bado ni jani. Siku zinapita, linakauka, linakuwa la kahawia, linaanza kuvuja mvua. Chungu wanashona nyumba mpya kwenye tawi lingine au mti mwingine, kisha wanahama na mayai yao, mabuu yao, mizigo yao yote. Kiwavi ni mzito, miguu yake mifupi, na akiachwa peke yake kwenye nyumba tupu hana wa kumlisha. Anafanya nini? Anafuata. Chungu wakihama huacha harufu njiani, na mwaka 1996 watafiti Alain Dejean na Guy Beugnon walionyesha kwamba viwavi wa Euliphyra wanaweza kuisoma harufu hiyo na kuifuata, hatua kwa hatua, gizani na kwenye gome, mpaka nyumba mpya.

Sisi wa eneo hili hatuhitaji kuelezwa maana ya kuhama. Tangu mauaji yalipoanza Oktoba 2014 kuna watu kati yetu waliotoka nyumbani usiku wakiwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, wakiwafuata waliotangulia kwa kusikia hatua zao tu. Nilipoisoma habari ya kiwavi yule niliiweka karatasi chini, nikakaa kimya kidogo.

Kipepeo huyu hayuko peke yake katika njia hii. Ukoo wake, Lycaenidae, una aina zaidi ya 5,000 duniani, na kati ya zile ambazo maisha yao yamechunguzwa, karibu robo tatu zina uhusiano fulani na chungu. Wengine urafiki wao ni wa juu juu tu. Mama, yule kiwavi mdogo unayemkuta ndani ya ganda la maharage huenda ni wa ukoo huu. Chungu humzunguka kwa ajili ya tone lake la sukari, naye anakula maharage yako, sikufichi. Kwenye mitini kuna kipepeo Myrina silenus, ambaye viwavi wake hula majani ya mtini huku chungu wakiwalinda. Na msituni kuna kundi kubwa la vipepeo wa Kiafrika ambao viwavi wao hula ukungu na mwani wa kijani unaoota kwenye magome, lakini kwenye miti yenye chungu wadogo weusi tu, wale wanaojenga viota kama karatasi nyeusi iliyogandamana tawini. Mtu aliyetufungulia macho juu ya hao aliishi si mbali sana nasi: T. H. E. Jackson, mkulima wa Kitale nchini Kenya, aliyetembea misitu ya Uganda na mwaka 1937 akachapisha maelezo ya viwavi hao na chungu wao. Majike wa vipepeo wengi wa ukoo huu hawatagi mayai kabla ya kuwaona chungu. Mti unaweza kuwa mzuri, jani likawa bichi, mvua ikawa imenyesha. Kama chungu hawapo, mama anaruka na kwenda zake.

Ndiyo maana kumhifadhi kipepeo wa namna hii kwa kumtazama yeye peke yake hakuwezekani. Waingereza walijifunza hilo kwa uchungu. Walikuwa na kipepeo mkubwa wa buluu, Phengaris arion. Kiwavi wake hula maua ya mmea mdogo wa nyasini kwa wiki chache, kisha anajiangusha chini na kusubiri. Chungu mwekundu wa aina moja, Myrmica sabuleti, anamkuta, anadhani ni buu lake lililopotea, anambeba hadi nyumbani. Humo anakaa miezi mingi akila mabuu ya wenyeji, na karibu uzito wake wote anaupata humo. Watu waliona kipepeo anapungua, wakafikiri wakusanyaji ndio wanaommaliza, wakajenga uzio kuwazuia. Uzio ukawazuia na kondoo. Majani yakarefuka, na miaka ya 1950 ugonjwa ukaua sungura waliokuwa wakiyapunguza pia. Udongo ukapoa kwa kukosa jua, chungu wanaopenda joto wakaondoka, na aina nyingine isiyoweza kumlea kiwavi ikachukua nafasi. Mwanasayansi Jeremy Thomas alipokuwa amekwisha kuelewa jambo hilo, muda ulikuwa umekwisha. Mwaka 1979 kipepeo yule alitoweka Uingereza.

Walimrudisha baadaye, kwa viwavi kutoka Sweden kuanzia mwaka 1983, baada ya kutengeneza malisho yawafae chungu kwanza. Leo anaruka tena katika vilima vya kusini-magharibi. Lakini wao walikuwa na vitabu vya zaidi ya miaka mia, walijua kila bonde alimokuwa akiishi. Sisi hatujahesabu. Kipepeo wetu akitoweka Mavivi, hakuna daftari litakaloonyesha kwamba alikuwepo.

Ninajua kuna msomaji ambaye tayari amekasirika. Anasema: tumezika watu, tumefunga mashamba kwa kuogopa, tumepita Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, na wewe unatuletea habari za kipepeo? Ndugu yangu, hasira yako ninaiheshimu, na mimi pia nimesimama makaburini. Siandiki haya kwa kusahau wafu wetu. Naandika kwa kuwa mambo mengi sana ya maisha yetu yameamuliwa na watu wengine, wenye silaha au wenye ofisi za mbali. Barabara ya Mbau kwenda Kamango ikifunguka au ikifungwa, bei ya kakao ikipanda au ikianguka, hatuulizwi. Kiota kwenye tawi la mkakao wako, hapo unaulizwa wewe. Hakuna anayekulazimisha kukichoma, wala hakuna atakayekilinda badala yako. Ni sehemu ndogo ya nchi hii ambayo bado iko mikononi mwetu kabisa, na ninataka tuishike vizuri.

Tena si kipepeo tu anayefaidika.

Wazee wanakumbuka tulivyofika kwenye kakao. Tulikuwa watu wa kahawa. Ugonjwa wa trakeomikozi ukaingia, robusta ikakauka shamba baada ya shamba katika miaka ya 1980 na 1990, na wengi wakang'oa mibuni na kupanda kakao. Leo kakao ndiyo ada ya shule, ndiyo mabati, ndiyo dawa. Na kakao ina adui: mdudu wa jamii ya kunguni, miridi kama wanavyomwita wataalamu wa kilimo, anayefyonza tunda na chipukizi na kuacha madoa meusi. Maji moto huwawinda wadudu wa namna hiyo mchana kutwa. Hawadai mshahara, hawanunuliwi kwa chupa mjini Beni, na hawaleti sumu mezani.

Hili si jambo jipya. Wachina waliandika mwaka 304 kwamba viota vya chungu washonaji viliuzwa sokoni ili vifungwe kwenye michungwa; ndugu wa maji moto wetu walikuwa bidhaa. Karibu na sisi, Zanzibar, minazi ilikuwa ikidondosha nazi changa, na mtafiti M. J. Way katika miaka ya 1950 alionyesha kwamba mnazi uliokaliwa na maji moto ulibaki na nazi zake, kwa sababu kunguni aliyekuwa akizifyonza hakupata nafasi. Kunguni yule alipewa jina la Way mwenyewe, Pseudotheraptus wayi. Mnazi wa jirani uliotekwa na chungu wadogo wa ardhini, ambao huwafukuza maji moto, uliendelea kupata hasara.

Sitawaficha upande wa pili. Maji moto hufuga vidudu vyeupe vinavyonyonya utomvu, kwa ajili ya maji yao matamu, na vikizidi si vizuri kwa mti. Na wanauma. Mama anayepanda mwembe na mtoto mgongoni ana haki ya kuwachukia. Lakini kati ya kuumwa na kuchoma kuna nafasi kubwa, na wakulima wa nchi nyingine wameitumia. Jipake majivu ya jikoni mikononi na miguuni. Chungu hawapendi kutembea juu ya majivu. Vuna asubuhi na mapema, kungali na baridi, wakiwa bado hawajachangamka. Tumia kisu chenye mpini mrefu kwa matunda ya juu. Tawi likiwa linagusa njia au paa la nyumba, likate hilo tawi moja, uliegemeze taratibu kwenye mti wa pili wa safu ileile, na wenyewe watahamia huko. Usilitupe motoni.

Dawa ni habari nyingine. Najua kuna anayeuza chupa barabarani na kusema inaua kila kitu. Anasema kweli, na hapo ndipo penye tatizo. Inaua miridi na inaua mwindaji wa miridi, inaua na vile vijinzi vidogo mno vinavyokaa kwenye majani yaliyooza chini ya kakao, ambavyo bila hivyo ua la kakao halizai tunda. Baada ya mwezi miridi wanarudi, maana wao huzaana upesi, mwindaji hajarudi. Kama ni lazima upulizie, pulizia mti unaougua, si shamba lote, na uruke miti yenye viota.

Kwa wachoma makala sina maneno ya hukumu. Mtu aliyekimbia kijiji chake, anachoma makala ili watoto wapate bugali na sombe jioni, simwambii akae na njaa kwa ajili ya mdudu. Ninamwomba hili tu: ukikuta mti mzee, umepinda, wenye kiota cheusi cha chungu tawini au viota vya majani kileleni, uache huo, ukate mwingine. Mti mmoja uliosalia kati ya kumi unaweza kuwa ndio njia ya chungu kutoka shamba moja kwenda jingine. Mashariki yetu iko hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ya kwanza ya namna yake katika Afrika, na tangu 1979 ni urithi wa dunia. Ni kubwa, lakini haiwezi kubeba peke yake kila kiumbe cha bonde la Semuliki. Mashamba yetu ya kakao yenye miti ya kivuli ni msitu pia, kwa chungu na kwa kipepeo, tukiyaacha yawe hivyo.

Walimu, ninyi nawategemea kuliko wote. Chagueni mti mmoja karibu na shule. Wapelekeni watoto mara moja kwa juma, wasimame hatua tatu kutoka kwenye shina, wasipige kiota kwa fimbo, wasikifungue. Wachore kilipo. Kikikauka, waandike tarehe, watafute kipya kiko wapi, wafuate mstari wa chungu kwa macho. Mwisho wa mwaka daftari hilo litakuwa kumbukumbu yenu ya maisha ya maji moto wa Mavivi, imeandikwa na watoto wa hapa, kwa penseli. Wanafunzi wa kilimo wa Université Catholique du Graben pale Butembo wangeweza kulichukua na kujenga juu yake. Wenye elimu ya kutosha wafungue kiota kimoja kilichoanguka chenyewe baada ya upepo, waone kuna nani ndani, waandike. Kule Gede, Kenya, tangu 1993 wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga vipepeo na kuuza pupa ng'ambo. Vipepeo wanaotegemea chungu hawafugiki kirahisi hivyo, na sitawaahidi fedha ambayo siioni. Lakini yote pale yalianza na watu waliokubali kwamba mdudu wa msituni kwao anastahili kutazamwa.

Viongozi wa mitaa, siku ya salongo, ile kazi ya pamoja, kabla ya watu kuanza kufyeka kando ya barabara, tumieni dakika tano kusema neno hili. Wachungaji na mapadri, mna watu wengi zaidi Jumapili moja kuliko nitakaowafikia mimi kwa mwaka. Wazee mnaokaa kwenye kyaghanda, baraza letu la wazee, vijana wanaposema kuchoma kiota ni kazi ya wavulana, waambieni kazi hiyo imekwisha. Sasa kazi yao ni kukilinda.

Ninarudi kwa kiwavi. Siku zake zikitimia anageuka pupa, halafu anatoka akiwa kipepeo, na hapo mkataba wa amani unakwisha. Ana binamu yake huko Asia na Australia, Liphyra brassolis, naye huishi na chungu washonaji. Yeye anapotoka, mwili wake umefunikwa na magamba meupe yanayobanduka kama unga, chungu wanaomrukia wanajazwa unga ule midomoni na miguuni, na wakati wanahangaika kujisafisha yeye anatembea hadi nje kukausha mabawa. Kiumbe aliyelelewa humo tangu utotoni anatoka bila chochote mkononi, anaruka, na jambo la kwanza analotakiwa kutafuta kwa ajili ya mayai yake ni nyumba nyingine kama ile aliyotoka.

Mvua ikikatika na kakao ikianza kuwa ya njano, mtoto wako atakuja na ufito na majani makavu ya mgomba akitaka kiberiti. Usimpe. Mshike mkono, nenda naye mpaka chini ya mti, simameni pamoja mtazame. Halafu mwambie kuna nani ndani.